Dirisha la Upande wa Bahari

Ndege ndogo itokayo Qaanaaq, kijiji cha wawindaji huko kaskazini kwenye barafu, haina namba za viti. Anayewahi ndiye anayechagua. Watalii walikuwa wa kwanza mlangoni, kamera shingoni, na wote wakakimbilia madirisha ya kushoto, yanayotazama milima na mito ya barafu. Tukummeq alitaka la kulia, lililoelekea bahari iliyoganda. Huko ndiko mwanawe Ussarqak alikokwenda na mbwa wake kuwinda sili, wanyama wa baharini, kabla ya dhoruba kuvuma, na hadi siku hiyo alikuwa hajarudi.

Bintiye Inaluk alikuwa amejifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya Ilulissat, mji ambako ndege ilikuwa ikienda. Alikuwa amempigia simu akilia, akiomba mtoto aitwe Ussarqak. Kwao jina la marehemu hupewa mtoto mchanga, ili mwenye jina apate pa kukaa. Tukummeq alikataa katakata. Vijana waliokwenda kumtafuta walirudi wakasema ukungu uliwazuia, hawakuona kitu. Basi barafu bado ipo nzima, alimwambia binti yake, na kaka yako yuko juu yake anatungoja. Jina la mtu aliye hai haligawiwi.

Viti vya kulia walikwishavikalia wawindaji, kama desturi yao, ili waisome barafu kutoka juu. Avataq, rafiki wa Ussarqak, mmoja wa wale vijana wa utafutaji, alikuwa ameegemeza bega dirishani kana kwamba analiziba.

"Mama, kaa kushoto," alisema bila kumtazama. "Kule kuna milima. Huku hamna kitu."

"Milima nimeiona tangu nazaliwa. Umekuwa mtalii siku hizi, unang'ang'ania dirisha? Nyanyuka."

Mwindaji wa nyuma alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Avataq alisimama akampisha, akakaa kiti cha pembeni.

Ndege ilipaa. Mwanzoni barafu ilikuwa nyeupe na ngumu, imechorwa njia za sleji zinazokokotwa na mbwa, na Tukummeq akazifuata kwa macho moja baada ya nyingine. Walipoipita rasi, njia zote zilikatika mahali pamoja. Mbele yake barafu ilikuwa imemeguka kama mkate. Kutoka hapo hadi upeo wa macho palikuwa na maji meusi matupu.

Alitazama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kiooni. Akaufuta kwa kiganja.

"Siku ile mliyosema kuna ukungu," aliuliza, "palikuwa hivi hivi?"

 Avataq aliinua nyusi tu, na kwao hilo ndilo jibu la kukubali.

Mtalii mmoja alivuka ujia, akainama juu yao, akayapiga picha yale maji, akasema kwa Kidenmaki kwamba ni pazuri mno. 

Hospitalini, Inaluk alianza kusema kwamba wanaweza kutafuta jina jingine. Tukummeq alimchukua mtoto, akaweka mdomo karibu na sikio lake.

"Ussarqak," alimwita, kwa sauti ileile ya kumwita mtu aliye nje aingie ale.

Mtoto alikuwa amelala. Hakushtuka.