Waya wa Kijani wa Yosamu

Yosamu alipata habari akiwa juu ya ngazi, anabadilisha swichi katika saluni moja ya Nyamwamba. Mwenye saluni, bila hata kuinua macho, akasema Bulandina wa Muhokya ameleta fundi umeme kutoka Bwera, mwanajeshi mstaafu, amfungie nguzo fupi za umeme za kuchomekea karavani. Yosamu aliteremka ngazi, swichi akaiacha inaning'inia. Fundi? Kutoka Bwera? Kwani yeye amekufa?

Maana tangu Bulandina abaki mjane, hakuna waya katika nyumba yake ya wageni ambao haukupita mkononi mwa Yosamu. Taa za ukumbini, friji, pasi, hata kengele ya mlango ambayo hakuna aliyeiomba. Balbu moja ikiungua, huyo yuko Muhokya tangu asubuhi, anakunywa chai mpaka jua linazama. Kasese nzima ilijua hakuna balbu inayokula siku nzima. Alimpenda, basi! Alitaka kumwoa, ila kila alipofungua mdomo yakamtoka maneno ya fyuzi.

Kesho yake alipanda bodaboda mpaka Muhokya. Akamkuta jamaa mwenyewe uwanjani, Drani, mrefu, shati limechomekwa, buti zinang'aa. Na Bulandina anammiminia chai katika kikombe cha maua. Kile kile ambacho Yosamu siku zote alidhani ni chake! Wivu ukampanda mpaka masikioni.

"Karibu, fundi," Bulandina akasema. "Afande ananiwekea moto wa umeme kwa hawa wageni wanaokuja na nyumba zao nyuma ya gari."

"Afande," Yosamu akasalimu bila kumpa mkono.

Drani akamaliza chai, akasimama. "Mimi nakwenda Bwera kuleta vifuniko. Kesho narudi. Hii kitu mtu asiguse!" Akasema kama anaamrisha kikosi, akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Asiguse? Huyo ni nani wa kumkataza Yosamu kugusa kitu kwa Bulandina? Vumbi la pikipiki halijatulia, yeye tayari amechuchumaa kwenye nguzo ya kwanza. Na alichokiona kikamfanya acheke kwa sauti. Waya wa kijani wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haukutoka nyumbani kabisa. Kila nguzo ilikuwa na fimbo yake ya shaba iliyopigiliwa chini, iko peke yake kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Yosamu akafanya jaribio wanalolifanya mafundi wote wa Kasese: mguu mmoja wa balbu kwenye waya wa moto, mwingine kwenye ethi. Balbu ikiwaka vizuri, ethi ni nzuri. Katika ile changarawe kavu ya Muhokya, kwenye fimbo ya Drani, balbu iliwaka kwa shida kama inaumwa. Akaihamishia kwenye ethi ya nyumba. Ikang'aa mpaka ikamwumiza macho.

"Nyabo!" akamwita Bulandina kwa heshima, kama mabibi wanavyoitwa huko. "Njoo uone kazi ya afande wako!"

Bulandina akaja, akatazama, uso ukamshuka. "Sasa tutafanyaje, fundi?"

Aisee, neno hilo lilikuwa tamu! Yosamu akavuta waya wa kijani, akaiunganisha ethi ya nguzo zote na ya nyumba, akarudi Nyamwamba anaimba nyimbo za kanisani njia nzima.

Jambo ambalo hakujiuliza ni kwa nini balbu iling'aa vile. Ethi ya nyumba ilikuwa imefungwa kwenye mita pamoja na nyutro, yaani waya unaorudisha umeme kwenye nguzo za barabarani, isingewakaje? Drani alizitenga fimbo zake na ethi hiyo kwa makusudi. Nyutro ikikatika huko nje, umeme unakosa njia ya kurudi, unageukia ethi. Na kama ethi hiyo imeunganishwa na karavani, bati lote, kitasa na ngazi, vinakuwa na moto. Swichi ya usalama ya kwenye nguzo ya karavani haijikati, kwa sababu umeme huo haupiti kwake.

Siku iliyofuata hakuna aliyemwita Yosamu, lakini alikwenda. Karavani moja ilikuwa imefika, imechomekwa kwenye nguzo, wenyewe wameenda kuangalia tembo. Drani naye alikuwa amerudi na vifuniko vyake, amekaa barazani, na kikombe ni kile kile. Alaa! Yosamu akakaa mbali naye, hakugusa chai.

Mchana upepo ukavuma, tawi la mkaratusi likaangukia nyaya za barabarani. Friji ikanyamaza. "Umeme umekwenda," Bulandina akasema, na hakuna aliyejali. Kwani ni mara ya kwanza? Mvua ikashuka. Ndipo Bulandina akakumbuka dirisha la karavani liko wazi. Akavua ndara, akakimbia peku katika maji.

Yosamu akainua macho kutazama taa ya barazani. Haikuwa imezima. Ndani yake uzi ulikuwa mwekundu, kama kaa linalokufa. Umeme haujakwenda. Ni nyutro iliyokatika!

"Nyabo, usiguse!"

Mvua ikaimeza sauti yake. Bulandina alishika kitasa, na mkono haukuachia. Mwili wote ukatetemeka, hakutoa hata kilio. Drani alikuwa ameshachomoka anamkimbilia. Yosamu naye akaruka, kisha akasita. Bulandina yuko mbele, swichi kuu iko nyuma, ndani ya nyumba. Kurudi kwenye swichi ni kumwachia Drani amfikie. Na kitu kibaya moyoni kikamwambia: mwache amshike, anase naye. Alikisikia vizuri kabisa. Kisha akageuka, akaingia ndani mbio, akaivuta swichi chini kwa mikono miwili.

Alipotoka, Bulandina alikuwa mikononi mwa Drani, matopeni, anakohoa, kiganja kimeungua. Yuko hai. Kichwa chake kiko kwenye kifua cha yule mtu. Yosamu akasimama mvuani, hajui aweke wapi mikono.

Macho ya Drani yakaufuata waya wa kijani. "Hii nani alifunga?"

"Mimi."

"Si nilisema mtu asiguse! Kwa nini?"

Yosamu alimtazama Bulandina, si Drani. "Wivu," akasema. "Ni wivu, nyabo. Niliona amechukua kazi yangu."

Bulandina alimwangalia, maji yakimtiririka usoni.

"Kaka zangu wanasema wewe ni fundi tu, unakuja kwa sababu ya kazi," akasema polepole. "Mimi nikabisha. Nikampa afande kazi yote, nione kama utakuja hata kama hakuna cha kutengeneza." Akafumba kiganja chake kilichoungua. "Ukaja. Ukatafuta cha kutengeneza."

Drani akamwinua, wakaelekea nyumbani polepole. Yosamu alipiga magoti matopeni, akaanza kuufungua waya wake.