Siku Camote Alipokataa Kukauka

Hivi wewe umeshawahi kumkausha mbwa mpaka ukucha wa mwisho, ukateremka kuangalia uji, kisha ukapanda tena ukamkuta anachuruzika maji? Mimi yamenikuta, tarehe kumi na saba Januari, hapa hapa mjini kwetu Huamantla, na sikuwa nimeonja kileo chochote.

Siku hiyo ndiyo tunapeleka wanyama kanisani wakabarikiwe. Saa kumi jioni padri anasimama uani na ndoo yake, na kila mtu analeta alichonacho, awe mbuzi, kasuku au kuku aliyefungwa utepe shingoni. Mnyama mchafu hapelekwi, ni aibu. Mimi ninaye Camote peke yake. Jina hilo ni kiazi kitamu, na alipewa na marehemu mume wangu Anselmo kwa ajili ya rangi yake. Manyoya yake ni marefu, yamefumuka kama pamba ya godoro. Anaishi juu ya paa letu bapa la saruji kama mbwa wengi wa mtaa huu, anawabwekea wapita njia.

Lakini siku ile sikuwa na wasiwasi wa mbwa tu. Mwezi wa kumi nilisahau maharage jikoni yakawa makaa. Desemba niliacha funguo mlangoni, nje, usiku kucha. Mwanangu Evaristo anayekaa mji wa Puebla aliniambia kwa upole, "Mama, likitokea la tatu, unahamia kwangu. Nyumba tutaipangisha." Nikamjibu ninavyomjibu siku zote, "Kama utakavyoona, mwanangu." Mama yangu mzazi naye alianza na maharage. Alimalizia kwa kuniita mimi shangazi yake.

Basi saa tatu asubuhi nilimwosha Camote kwenye sinki la kufulia lililo juu pale, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche. Kumkausha ndiyo kazi yenyewe, maana Januari jua letu ni kali lakini upepo unaoshuka mlimani unakata, na mwaka jana alikohoa wiki tatu. Kwanza unamkamua maji kwa mikono, kuanzia mgongoni kwenda chini. Halafu unambana kwa kitambaa cha gunia la unga. Unabana, husugui, ukisugua manyoya yanafungana mafundo. Baada ya hapo unachukua taulo uliyoipiga pasi ikapata moto, unamfunika kichwa chote, na masikio unayapangusa kwa pamba. Katikati ya vidole usisahau. Saa nne na nusu alikuwa mkavu kabisa, nikamfunga utepe mwekundu, nikateremka kukoroga uji.

Nilikaa chini labda nusu saa. Kurudi juu, Camote amesimama katikati ya paa, amelowa chapachapa, manyoya yamemgandama mwilini. Shingoni ana utepe wa kijani.

Nilitazama mbinguni. Hakuna wingu. Nikalitazama tangi la maji, halivuji. Sinki nalo lilikuwa kavu. Nikasema moyoni, Hortensia, je, ulimkausha kweli, au ulifikiria tu kumkausha? Taulo ilikuwa kwenye kamba, imelowa. Basi nilimkausha. Au niliilowesha nilipokuwa namwosha? Na utepe wa kijani mimi ninao, wa Krismasi, umo kwenye kopo la nyuzi. Nikashuka kuuangalia. Umo. Lakini ule wa shingoni unafanana nao kabisa.

Nikamkausha tena. Kukamua, gunia, pasi, pamba. Nikamfungua ule wa kijani nikamfunga mwekundu mwingine, na safari hii nilisema kwa sauti ili nisisahau: "Mwekundu. Saa sita kasoro robo. Mkavu." Camote alinitazama kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Nikashuka kuosha vyombo. Simu ikalia, ni Evaristo.

"Mama, umeshamwosha Camote?"

"Nimemwosha."

"Amekauka?"

Nilikuwa nimepanda ngazi na simu sikioni, na nilichokiona kikanikausha mate. "Alikauka," nikasema.

"Alikauka ndiyo nini, Mama? Sasa hivi yukoje?"

"Amelowa."

Nikasikia honi za barabarani kwao. "Umezima gesi?" akauliza.

"Nimezima."

"Nakuja mapema. Usipandepande hizo ngazi."

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Camote alikuwa na utepe wa kijani tena, na nilipoinama kumnusa hakunuka sabuni yangu ya mche, alinukia kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Shampuu ya mtoto! Tangu Evaristo aote meno, kitu hicho hakijaingia nyumbani kwangu. Nikajiuliza kama mtu akianza kupotewa na akili, pua nayo inampotea.

Nilimkausha mara ya tatu. Sikushuka. Nilijibanza nyuma ya tangi, nikajifunika shali, nikangoja.

Sasa, paa langu na la wifi yangu Ofelia, dada yake Anselmo, lilikuwa moja, maana nyumba ni ya wazazi wao, imegawanywa. Siku tuliyomzika Anselmo tuligombana. Yeye alitaka avishwe suti ya bluu, mimi nikamvisha ya kahawia. Wiki ileile Ofelia alileta fundi akapandisha ukuta juu ya paa mpaka kupita kichwa changu, na tangu hapo miaka miwili hatujasemeshana. Chini ya ukuta fundi aliacha tundu la kupitishia maji ya mvua, dogo tu. Paka anapita. Camote na manyoya yale, ningeapa hapiti.

Alipita. Alitia kichwa, akavuta pumzi, akajisukuma kama mguu unaoingia kwenye soksi, na mkia ukamalizikia ndani. Kisha nikasikia sauti upande wa pili.

"Umerudi, baba? Mkavu tena? Na utepe mwekundu tena? Yesu wangu. Nikishuka kuchukua taulo unapotea, ukirudi umekauka. Nani anakukausha? Ni Anselmo?"

Nilipiga magoti mbele ya tundu. "Ni mimi, wifi," nikasema.

Maji yakamwagika, nadhani aliangusha beseni.

"Hortensia?"

"Ndimi."

"Kwa hiyo siumwi?" Ofelia akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu asubuhi nasema nimeanza kuchanganyikiwa. Wewe sikukufikiria, nilidhani humwoshi kamwe. Alikuja ananuka kama suruali ya fundi, nikamwosha. Akarudi amejigaragaza kwenye udongo wa maua yangu, nikamwosha tena."

"Hiyo ni sabuni yangu, si suruali. Na wewe, shampuu ya mtoto! Kwani kazaliwa jana?"

"Ngozi yake ni laini, wewe huijui."

"Siijui? Nani anamlisha?"

"Mimi, kila jioni."

"Na mimi kila asubuhi!"

"Ndiyo maana amenenepa mpaka ananikwamia tunduni, maskini."

Nikacheka. Naye akacheka, halafu akapenga kamasi. Camote akachomoza kichwa upande wangu, amelowa tena, maana lile beseni lilimwangukia yeye. Nikamfunika taulo kichwani, Ofelia akawa anamkausha mkia upande wake, mbwa amekaa katikati ya ukuta.

Hapo ndipo Evaristo alipopanda ngazi. Aliniona nimepiga magoti, nimemshika mbwa asiye na kiuno, nauambia ukuta, "Bana, usisugue."

Rangi ilimtoka. "Mama," akasema polepole. "Unaongea na ukuta?"

"Anaongea na mimi, wewe mtoto," ukuta ukamjibu. "Na umsalimie shangazi yako."

"Shangazi Ofelia?"

"Leo ndiyo umejua jina langu. Tumemwosha mbwa mmoja watu wawili, mama yako na mimi, kila mtu kwa siri ya mwenzake. Mama yako hana ugonjwa. Mama yako ana wifi."

Evaristo alikaa kwenye ile ndoo yangu. Alinitazama, akalitazama tundu, akajifuta uso. Kisha akasema, macho chini, "Mama, nimekuja na maboksi kwenye gari. Nilidhani tukitoka kanisani tungeanza kufungasha vyombo. Sasa sijui. Wewe unaonaje?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza, na nadhani sikuwahi kumpa nafasi ya kuuliza. Lile jibu langu la siku zote lilikuja mpaka kwenye ulimi. Upande wa pili Ofelia aliacha kupangusa. Camote alikuwa amekauka kichwa na mkia, tumbo bado.

"Sitaki kwenda Puebla, Evaristo," nikasema. "Nataka kubaki hapa kwangu. Na huu ukuta, nataka uushushe."