Viatu vya Swedi vya Mama Mark

Winny alikuwa amefanya kazi ya dobi kwa miaka sita katika hoteli moja iliyo kwenye barabara ya kwenda Dunga, na katika miaka hiyo hakuna doa lililomshinda. Mvinyo kwenye kitambaa cha meza, rangi ya midomo kwenye foronya, mchuzi wa samaki kwenye shati la mgeni anayekimbilia ndege, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka safi. Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi, alipoinama mlangoni pa nyumba yake kule Manyatta kuokota viatu vyake vipya, alivigeuza mara tatu kabla ya kuamini alichokiona.

Vilikuwa viatu vya swedi, ile ngozi isiyong'aa, yenye vinyweleo laini kama shavu la mtoto mchanga. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Alivipata sokoni Kibuye, kwenye mtumba uliokuwa umefunguliwa dakika ile ile, na muuzaji alimwonya asivitie maji hata siku moja. Jumatatu Winny alikuwa aanze kazi mapokezi, mbele ya wageni, baada ya kuomba nafasi hiyo na kunyimwa mara mbili. Ijumaa jioni alivivaa akatembea navyo sebuleni ili miguu ivizoee, kisha akavivua na kuviacha mlangoni pamoja na vya wengine. Sasa pua za viatu vyote viwili zilikuwa nyeusi na zinanata, na vinyweleo vimelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe.

Hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Barazani, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mzee Walubengo, baba mkwe wake, kopo la rangi ya viatu likiwa mapajani. Mzee alikuwa ametoka Kimilili wiki tatu zilizopita kuja kutazamwa macho, na tangu siku ya pili alijitwika kazi ya kupiga rangi viatu vya nyumba nzima. Maisha yake yote ya kazi alikuwa askari wa lango kwenye kiwanda cha sukari, na hakuwahi kuingia zamu na buti chafu. Cliff, mumewe Winny, alisema aachwe, kwani mzee asiye na la kufanya huzeeka kwa siku moja.

"Viatu vyote tayari, Mama Mark," mzee alisema aliposikia mlango. "Vyako vilikuwa na vumbi jingi. Nimerudia mara mbili."

"Asante, Baba," Winny alijibu.

Aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba cha kulala, akauma upindo wa shuka kwa nguvu zake zote. Angekuwa mwanawe Mark, angemkemea. Angekuwa Cliff, mtaa mzima ungesikia. Lakini baba mkwe hakemewi, na zaidi ya hayo alikuwa amefanya wema, na wema ukiharibu kitu hakuna pa kuupeleka mashtaka.

Alijipa moyo kwamba doa ni doa. Alikwangua rangi iliyoganda kwa ukingo wa kijiko, polepole, asije akachuna ngozi. Kisha akamwagia unga wa mahindi unyonye mafuta, akakaa kuutazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Alipoupangusa kwa mswaki mkavu, unga ulitoka umegeuka kijivu, naye akapata matumaini. Akarudia. Mara ya pili unga ulitoka mweupe vilevile ulivyoingia, na pua za viatu zikabaki nyeusi.

Akachukua kifutio cha Mark kwenye mkoba wa shule. Alisugua mpaka kifutio kikaisha kikawa makombo mezani, na vidole vikamwuma kwenye maungio. Kiatu cha kulia kilianza kuonyesha hudhurungi kidogo pembeni. Cha kushoto hakikubadilika hata chembe.

Debra, jirani yake mwenye saluni, alipita kuomba kiberiti akamkuta hapo. Alivitazama viatu, akasema dawa yake ni mafuta ya taa. Winny alimwambia mafuta hayaondolewi kwa mafuta. Basi siki, Debra akasema, dada yake hutumia siki kwa kila kitu. Winny alijua siki kidogo kwenye kitambaa huweza kusaidia, akajaribu. Weusi uliokuwa puani ukasambaa mpaka ubavuni, ukatanda kama wingu la mvua linapotoka ziwani. Debra aliondoka bila kukumbuka kiberiti.

Saa sita Winny alimpigia Cliff simu kule Mamboleo, anakofanya kazi kwenye gereji. Cliff alisikiliza, akacheka. Alisema viatu ni viatu tu, avae vile vyeusi vya kanisani. Winny alimkumbusha kwamba vile vya kanisani vilipasuka soli mwezi wa nne, na kwamba yeye Cliff ndiye aliyeahidi kuvipeleka kwa fundi, na kwamba vipo mpaka leo ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati. Kabla Cliff hajajibu, alikata simu.

Ndipo alipofanya lile alilojua kabisa hafai kulifanya. Alitia maji ya moto kwenye beseni, akakoroga sabuni ya unga, akachovya brashi, akakisugua kiatu cha kushoto kwa hasira za asubuhi nzima. Alikuwa amewafunza wasichana watatu kazi ya dobi, na somo la kwanza alilowapa ni kwamba doa halitolewi kwa hasira. Alisugua tu. Povu lilipogeuka jeusi alidhani ameshinda. Akakifuta, akakianika kivulini nyuma ya nyumba. Baada ya saa mbili kiatu kilikuwa kimekauka na kukakamaa kama samaki mbuta wa kubanikwa, kina mistari myeupe ya sabuni, na vinyweleo vimeshikana makundi makundi.

Winny aliketi kwenye jiwe la kufulia, kiatu mkononi. Hakulia. Alikuwa amechoka mno hata kulia.

Mzee Walubengo alikuja akipapasa ukuta wa nyumba, akasimama hatua chache kutoka alipo. Aliuliza ni nini anachosugua tangu asubuhi, maana alikuwa amesikia brashi muda wote. Winny alisema ni sufuria. Mzee akasema sufuria haitoi sauti ile. Aliomba apewe. Winny aliweka viatu vyote viwili juu ya kigoda, naye mzee akainama, akakigusa kwanza kile cha kulia. Alipitisha kidole gumba upande wa kisigino, mahali ambapo rangi haikufika, mbele, nyuma, na vinyweleo vikalala na kuinuka.

"Hii ni ngozi ya swedi," alisema. "Haipakwi rangi hii." Akahamia cha kushoto, akakibonyeza, akakirudisha. "Meneja wetu Mhindi alikuwa navyo. Mimi nilidhani ni vumbi. Kila nikigusa naona bado kuna vumbi, naongeza."

"Baba, vilikuwa rangi ya chai. Ulikuwa umeshika kopo jeusi."

Winny akamtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu afike. Akakumbuka chai inayomwagika kila asubuhi, na jinsi mzee alivyokataa kwenda kanisani akisema goti linamsumbua, na jinsi anavyogeuza uso kufuata sauti.

"Unaona kiasi gani?" aliuliza.

"Naona mwanga wa mlango."

"Na kule kliniki? Si ulisoma zile herufi? Mimi nilikuwa nimesimama pale. Ulizisoma zote."

Mzee alikaa kwenye ukingo wa jiwe, mbali naye. Akaeleza bila kuinua uso. Foleni ilikuwa ndefu, na kila aliyetangulia alisomeshwa ubao uleule kwa sauti. Alisikiliza watu kumi na moja. Zamu yake ilipofika alikuwa amezikariri, za juu mpaka za chini. Mara ya pili na ya tatu alifanya hivyohivyo. Alikuwa na rafiki, alisema, waliyetahiriwa naye msimu mmoja. Huyo alipasuliwa macho, akaenda akiona ukungu, akarudi haoni kitu. Mwanga wa mlango ni mdogo, lakini ni wake.

Winny alitarajia kumhurumia, na huruma ilikuwepo, ila iliyotangulia kutoka ilikuwa hasira. Mara tatu alikuwa ameomba ruhusa kazini kumpeleka kliniki. Mara tatu alikaa kwenye benchi lile tangu alfajiri. Meneja alishaanza kuuliza kama yeye ni mtu wa kutegemewa, na swali hilo nusura limnyime nafasi ya mapokezi.

"Baba, nisamehe nikikwambia," alisema. "Umenizungusha bure. Ungeniambia unaogopa, ningeelewa. Mimi pia ningeogopa. Lakini umeniacha nikimpigia magoti meneja kwa ajili ya herufi ulizokariri."

Alingoja mzee akasirike. Badala yake aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akasema ni kweli. Akaongeza kwamba asimwambie Cliff. Winny alimwambia hilo haliwezekani, na jioni ile, Cliff aliporudi na mafuta ya gereji mikononi, alimweleza kila kitu wakiwa wamesimama kando ya mfereji wa maji. Safari hii Cliff hakucheka. Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda kukaa barazani na babake, na wawili hao wakaongea Kibukusu chinichini hadi chakula kilipoiva.

Jumapili baada ya ibada Winny alivipeleka viatu Kibuye kwa fundi mmoja anayeitwa Ooko. Fundi alivikagua, akasema hata yeye hana la kufanya. Ngozi hiyo ikishanywa nta hairudi rangi yake. Kilichobaki ni kuvitia dawa nyeusi vyote, ile ya maji inayoingia kwenye ngozi. Alimjazia kichupa, akamwelekeza: avishikilie juu ya mvuke wa birika mpaka vinyweleo vilegee, aviinue kwa brashi, apake kidogo kidogo, aache vikauke vyenyewe mbali na jua. Na siku nyingine, akasema, vumbi la swedi linapanguswa kwa brashi kavu tu, basi. Winny alijibu kwa ukali kidogo kwamba hilo analijua.

Alifanya kama alivyoambiwa. Cha kulia kilitoka vizuri, cheusi, laini. Cha kushoto kilikunywa dawa kwa mabaka, na ukakamavu wake haukutoka. Jumatatu alisimama mapokezi saa nane mfululizo, na kufikia saa nne asubuhi kisigino cha kushoto kilikuwa kimechubuka. Meneja alipita, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema tu kwamba asitoke sana nyuma ya kaunta. Winny alitabasamu kwa wageni siku nzima huku uzito wote ameuweka mguu wa kulia.

Jumatano alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alimpeleka mzee kliniki. Foleni ilikuwa ileile, na watu wakisoma ubao kwa sauti ileile. Zamu yao ilipofika, Winny aliomba radhi kwa daktari na kumwambia aanzie mstari wowote ila wa kwanza. Daktari, mwanamke kijana, aliweka fimbo yake katikati ya ubao.

Mzee Walubengo aligeuza uso kuelekea kwenye fimbo. Midomo yake ilitikisika kidogo.

"Sioni," alisema.

Daktari alimmulika kwa tochi, akasema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba umekomaa lakini bado unaweza kutolewa. Kuhusu yule rafiki, alisema hawezi kujua alikuwa na ugonjwa gani, ila hakumficha mzee kwamba kila upasuaji una hatari yake. Aliwapa tarehe. Ilikuwa Jumanne, wiki tatu mbele, saa moja asubuhi, na siku hiyo Winny alikuwa kwenye zamu ya asubuhi. Cliff alikuwa ameahidi kumpeleka babake mwenyewe. Winny alizijua ahadi za Cliff, akaamua kuomba ruhusa hata hivyo, aombe leo leo, kabla meneja hajapanga zamu.

Kutoka kliniki kuna ngazi, na mzee alisimama juu yake bila kushuka. Kwao mkwe na baba mkwe hawashikani mikono, na watu walikuwa wengi. Winny alikunjua mwavuli wake nusu, akaona hautafaa, akaukunja tena, akampa upande wa ncha. Mzee aliushika. Wakashuka hivyo, ngazi moja moja, Winny akitangulia na kuchechemea, akimwambia kila mara zimebaki ngapi.