Mwani Uliojikata Wenyewe

Magoti yake yalilia kama mlango mbovu, na kwa kuwa wanawake wa shamba la mwani hawana dogo, walimwita Bawaba, wakamaliza. Walidai husikika kabla hajaonekana. Miaka tisa alikuwa amesimama kwenye maji ya chumvi, akifunga miche ya mwani kwenye kamba, akivuna, akipeleka kiwandani ulikochachushwa ukatoka mafuta ya magari. Yeye mwenyewe gari alilijua kwa vumbi lake. Daktari hakumficha: atoke majini mwaka huu kwa miguu yake, au mwakani atolewe kwa kubebwa.

Nchi kavu palikuwa na kitalu, na kitaluni palikuwa na kiti kimoja. Aliyekikalia alikata miche kivulini, miguu mikavu, mshahara palepale. Huyo alipostaafu, msimamizi akatangaza kwamba kiti ni cha yule ambaye mwani wake utavuta mzani kuliko wote kwenye mavuno hayo.

Bawaba aliwapima wenzake mmoja mmoja, hakuona wa kumtisha. Isipokuwa mke wa kaka yake. Huyo alikuwa na miezi mitatu tu shambani, lakini alikuwa na mikono kama michi na magoti yasiyosema neno. Heri angekuwa mtu baki. Huyu walikula naye sahani moja.

Tena alijileta mwenyewe. Alikuja na kamba yake, akachuchumaa karibu, akaomba afundishwe kufunga. Kila mtu wa kazi hiyo anajua kwamba fundo huachwa na nafasi ya kidole kidogo, maana shina la mwani hunenepa. Ukilibana, uzi utalikereza siku hadi siku mpaka likatike.

"Kaza, wifi," Bawaba alimwambia. "Kaza mpaka uzi ulie. Bahari ina mikono mirefu."

Wengine walisikia. Mmoja alikohoa, mwingine akainama kutafuta kisu kilichokuwa kiunoni mwake. Kiti kila mtu alikitaka, na mshindani akipungua amepungua.

Wiki ya tano mwani ukanenepa, na kamba za yule mke zikaanza kuvuliwa nguo. Siku moja alikuta zimebaki uchi kabisa, akalia maji yakiwa kiunoni. Nyumbani Bawaba alimpakulia yeye kwanza, akampa pole nyingi, akamweleza kuwa bahari haina undugu. Pole zile zilimtoka tamu mpaka akaogopa kutabasamu.

Kumbe yule aliyekohoa alikuwa ameshindwa kubeba siri, akaimwaga yote. Mke wa kaka akafuta machozi, hakumgombeza mtu. Kesho yake alikwenda ufukweni na magunia. Mawimbi yalikuwa yamerundika mwani wake wote ndani ya ghuba, akawa anazoa. Bawaba aliwachekesha wenzake kwamba wifi yake ameajiriwa kufagia bahari. Zamani, mwani ulipokaushwa na kuuzwa kwa wanunuzi wenye macho makali, uliookotwa mchangani ulikuwa uchafu wa kutupwa. Bawaba bado aliishi na wanunuzi wale kichwani. Akasahau kwamba tangi la kuchachushia lina tabia ya mlevi: halichagui, mradi kimeingia.

Mwani wa Bawaba ulikuwa bado kwenye kamba, mzuri, mnene, unangoja kisu. Kisu kilitaka mtu wa kutembea, na magoti yalikataa. Siku ya mzani alikuwa amevuna nusu. Mke wa kaka aliongoza wote, akampita yeye kwa magunia sita.

Msimamizi alichukua shina moja, akaligeuzageuza. Limekatika safi, bila kisu, na wimbi limelileta bure hadi mlangoni. Akauliza nani kagundua ufungaji huu.

"Wifi yangu," mke wa kaka alisema, akamshika Bawaba mkono mbele ya watu. "Mimi nilikuwa sijui kitu. Yeye ndiye alinikalisha chini akanifundisha. Mpe haki yake, bosi."

Bosi akampa. Alimpigia makofi, akaamuru na wengine wapige. Kisha akaeleza mpango: msimu ujao kamba zote zifungwe hivyo, wavu utandazwe mdomoni mwa ghuba, bahari ivune yenyewe. Wavunaji thelathini wa nini tena? Watabaki sita wa kuzoa, wenye miguu mizima. Wengine aliwashukuru sana kwa utumishi wao, naye Bawaba akashukuriwa mara mbili.

Mke wa kaka alikwenda kukikalia kiti, akakijaribu kwa kuegemea.

Kabla hajaondoka, Bawaba aliombwa awaonyeshe wale sita fundo lake. Akapiga magoti mchangani, akashika uzi. Waliokuwa wavunaji walisogea, wakamzunguka, wakimtazama vidole.