Kikoyi cha Shangazi Eseza

Mama Kiwuka, jirani yetu, anaapa kwamba Jumapili Shangazi Yunia alipita mbele ya kanisa, mwanamume mmoja akamwandama akimsalimu kama msichana.

"Mwanamke aliyekwisha kuwa bibi, jamani! Lile tumbo kalitupa wapi?"

Tulikuwa tunamenya matoke. Shangazi Eseza hakucheka. Kisu chake kilikata ganda pamoja na ndizi.

Hao wawili ni dada wa baba yangu, Eseza ndiye mkubwa. Jumamosi mchumba wa dada yangu Nambi analeta wageni kujitambulisha nyumbani. Shangazi mmoja wa binti humtafuta mchumba kati ya wageni, akamleta mbele, akapiga magoti kwa wazee. Kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi Eseza siku zote. Lakini mara ya mwisho alipiga magoti akashindwa kuinuka. Wanawake wakamvuta kwapani, hema zima likaangua kicheko. Safari hii Baba alisema bado anafikiria.

Daktari alishamwambia apunguze uzito, magoti na presha vipone. Hakusikia. Kiuno cha mdogo wake ndicho kilichomfungua masikio.

"Nenda ukamsaidie Yunia kupika," aliniambia. "Niangalizie anakunywa dawa gani."

Nilikwenda, nikatulia, nikaangalia. Dawa sikuiona. Mchicha unajaza nusu ya sahani, kando yake maharage na matoke kidogo, mchuzi wa karanga anaugusa tu. Chai haina sukari. Jioni anatembea hadi kisimani na kurudi, hata kama hana haja ya maji.

"Basi tu?" Shangazi Eseza akauliza nilipomsimulia. "Kakuficha. Yule tangu utotoni ana siri."

Akaacha kula mchana. Ila nikifunua matoke, yuko jikoni.

"Naonja chumvi, mwanangu."

Alionja chumvi mpaka mchuzi wa karanga ukaisha sufuriani.

Alhamisi Shangazi Yunia akaja. Alipiga magoti kumsalimu dada yake, akainuka kama unyoya. Shangazi Eseza aliyatazama yale magoti, si uso.

"Dada, kaka kanichagua mimi."

"Hongera. Si ndicho ulichokuwa unajikondeshea?"

"Hongera ya nini? Gauni la gomesi linaning'inia kama liko kwenye kamba. Yule mwanamume wa kanisani alinipa pole, kadhani naumwa! Wewe ukivaa, hema lote linageuka. Makalio yako nimeyaonea wivu tangu usichana wetu." Akainamisha kichwa. "Niazime kile kikoyi chako kizito cha kufunga ndani, nami nijae. Na uje unifunge wewe mwenyewe. Hakuna anayejua kukifunga kama wewe."

Kikoyi kilikuwa kimeanikwa uani, kila mmoja wetu alikiona. Shangazi Eseza alikitazama. Kisha akavuta kikapu cha matoke, akachukua kisu, akamenya; safari hii ganda lilitoka peke yake, ndizi ikabaki nzima.

"Dada," Shangazi Yunia akasema, "utanifunga?"