Kiti cha Kulia

Msidhani wivu ni wa wapenzi peke yao. Heribert Zenz, fundi viti vya magari wa pale Adenau, mwanamume wa miaka sitini na mmoja, mwenye mke, wajukuu wawili na tumbo la kuheshimika, alishikwa na wivu juu ya rafiki yake hadi chakula kikawa hakipiti kooni. Na rafiki mwenyewe si mwanamke mrembo. Ni Gernot, mchinja nyama mstaafu, kibonge cha maneno lakini mwili wenyewe kiganja kimoja.

Kwa miaka kumi na tisa wawili hao walikuwa na Jumapili yao. Tangu Nürburgring, ile barabara ya mbio za magari kilimani ambayo wenyewe huiita Ring tu, inapofunguliwa mwezi wa tatu mpaka inapofungwa mwezi wa kumi na moja, Gernot alikuwa anaendesha lile gari lake jekundu la michezo, na Heribert anakaa kulia, kwenye kiti cha abiria, maana kwao usukani uko kushoto, akimtajia kona: hii inakaza, ile inafunguka, hapo pana unyevu chini ya miti. Usukani Heribert hakuwahi kuuomba, na Gernot hakuwahi kumpa. Gernot angekutolea figo kabla hajakupa usukani wa gari lile. Heribert hakujali. Kiti cha kulia kilikuwa chake, mji mzima unajua, na kilimtosha.

Basi mwezi wa kumi Gernot akaleta gari karakana kwa lori la kuvuta, na viti viwili vipya vya mashindano, vile vya gamba moja gumu vinavyokukumbatia mbavu na mapaja usiyumbe kwenye kona, pamoja na mikanda ya kupita mabegani yenye kitufe kimoja kifuani. Vyote na hati zake, vinaruhusiwa barabarani. Vya zamani alikuwa ameshaving'oa na kumuuzia Mholanzi mmoja.

"Nifungie kabla msimu haujaisha, mzee wangu," akasema. "Jumapili ya mwisho nataka tuwe tayari."

Heribert akakigeuza cha kulia, akakiangalia mara moja tu. Fundi viti hahitaji tepu. Saizi ndogo kabisa. Yeye hapo angeingiza paja moja, tena kwa kusukumwa.

"Hiki cha abiria ni cha nani?"

"Utajua Jumapili," Gernot akajibu, akicheka peke yake, akatoka huku akipapasa ukingo wa mlango.

Hicho kicheko ndicho kilichomchoma. Kile kiti kipana cha kushoto Heribert hakukitazama hata mara mbili. Akakifunga juu ya reli yake, akakiacha. Akili yote ilikuwa kulia. Nani? Nani huyo mwembamba wa kukaa mahali pangu?

Jibu alilipata Jumanne, akiwa kwenye foleni ya mkate. Gari la Detlef likapita, Detlef yule aliyekuwa mpeleka barua, mtu mwembamba hata suruali inamning'inia. Na pembeni yake nani? Gernot, ameegemea kiti kama bwana harusi. Wakashika njia ya mji wa Koblenz. Jumanne iliyofuata tena. Na iliyofuata tena!

"Wanakwenda wapi hawa?" Heribert akamuuliza mkewe, Marlies, aliyekuwa anamenya viazi.

"Kwani umekuwa polisi? Labda wananunua soksi."

"Kila Jumanne? Miaka kumi na tisa hajawahi kunipeleka Koblenz hata siku moja!"

Marlies akaweka kisu chini. "Heribert, unasikia unavyosema? Unataka nikushonee na gauni la kumlilia?"

"Amenitosa, Marlies. Amenitosa kwa ajili ya mpeleka barua."

"Muulize, basi, mdomo si unao?"

Hakuuliza. Angeulizaje? Mwanamume mzima ampigie simu mwenzake amwambie, mbona siku hizi unatembea na Detlef? Akanyamaza na kijiba chake rohoni. Kazi lakini aliifanya, tena aliifanya vizuri, maana mikono yake haikujua kufanya vibaya. Kiti cha kulia alikikaza moja kwa moja sakafuni, akapima pembe ya mikanda mara tatu, akavuta kila mshipi kwa uzito wake wote. Huku anafanya hivyo anamwona Detlef mle ndani, amefungwa vizuri, anataja kona. Detlef! Anajua nini huyo kuhusu kona? Anajua namba za masanduku ya barua!

Ijumaa mkaguzi akaja karakana. Kwao huko huwezi kubadili hata kiti ukaingia barabarani hivi hivi. Lazima akague, aandike kwenye hati ya gari. Hata Ring yenyewe, siku za Jumapili inahesabiwa kuwa barabara ya umma. Mkaguzi akaingia chini ya gari, akatoka, akasoma namba za mikanda, akabonyeza vitufe, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nje, ndani ya gari la Detlef, Gernot alikuwa anasubiri.

Heribert alipoona vile vichwa viwili nyuma ya kioo, damu ikamchemka.

"Safi sana," mkaguzi akasema. "Bado sahihi yako tu, bwana Zenz, kwamba umefunga wewe na unathibitisha. Hapa cha dereva, hapa cha abiria."

Akatia sahihi ya kiti cha dereva. Kalamu ikafika kwenye mstari wa pili, ikasimama.

"Hiki siwezi," akasema.

"Kuna nini?"

"Sina uhakika nacho."

Mkaguzi alimfahamu Heribert tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Akafunga faili. "Kama wewe huna uhakika, mimi ni nani? Gari halitoki. Nitarudi Jumanne."

Jumanne! Ring inafungwa Jumapili. Heribert akapitia mlango wa nyuma kabla mkaguzi hajafika kwenye gari la Detlef kutoa habari. Jioni ile alikula sahani mbili za mkate wa viazi na jamu ya tufaha, akalala kama mtoto. Jumamosi yote alikuwa anapiga mbinja, mpaka Marlies akamuuliza kama ameokota kitu.

Jumapili asubuhi akachukua keki ya mkewe, akaenda kwa Gernot. Eti kumpa pole. Ukweli alitaka kumwona amenuna, amwone na Detlef amekosa, ashibe roho yake.

Gari lilikuwa limeletwa juzi yake kwa lori la kuvuta, limeegeshwa bandani. Gernot alikuwamo ndani, peke yake, kwenye kiti cha kulia. Amefunga mikanda yote, uso mbele. Na kile kiti, Mungu wangu, kilimkaa. Mabega, nyonga, mapaja, hakuna hata kidole kilichozidi. Fundi viti mwenye miaka arobaini kazini akasimama mlangoni na keki yake, akauona mwili wa rafiki yake kama hajawahi kuuona.

"Ni wewe?" Gernot akauliza bila kugeuka. "Ingia kushoto."

"Mbona umekaa huko?"

"Ingia kwanza, mzee. Unaogopa nini?"

Heribert akaingia. Kiti kikampokea, tumbo na yote. Miguu ikafika kwenye pedali bila kujivuta.

"Kimekukaa?"

"Kimenikaa."

"Marlies ndiye aliyenipa saizi ya suruali yako. Nilimwambia akikutajia nitamchinja." Gernot akacheka kidogo, kisha akaacha. "Macho yangu, Heribert. Katikati hamna kitu tena. Nikikutazama usoni naona masikio. Detlef ndiye anayenipeleka Koblenz kuchomwa sindano, maana mimi leseni nimeshairudisha. Daktari anasema mwezi wa tatu, Ring ikifunguliwa tena, kuona nisikutegemee sana."

"Ungeniambia!"

"Ili uanze kunihurumia? Nilitaka nikuambie ukiwa umeshashika usukani. Uendeshe wewe, mimi nikae hapa niione mara moja tena, hata kwa pembeni, ile miti, ile kona ya kushuka. Basi. Ndiyo hivyo."

Kwa mbali, juu ya kilima, injini zilikuwa zinasikika zikipanda na kushuka. Heribert alitaka ardhi ipasuke immeze na gari lote.

"Mkaguzi aliniambia umekataa kutia sahihi," Gernot akaendelea. "Detlef alikasirika, mimi nikamwambia, we Detlef, humjui Heribert. Huyo akikataa, ujue ameona kitu. Afadhali nikose Ring kuliko nife kwenye kiti kibovu na nimuue na rafiki yangu. Nimekaa hapa tangu saa moja nakipapasa, sijaliona. Hebu niambie, kosa lilikuwa wapi?"

Heribert akaushika usukani kwa mikono miwili. Angeweza kutaja bolti yoyote. Gernot angeamini.

"Hakukuwa na kosa," akasema. "Nilidhani ni kiti cha Detlef."

Mkono wa Gernot ukapanda kifuani kutafuta kitufe cha mikanda. Ukapita juu yake, ukarudi, ukapita tena. Heribert akanyoosha mkono kumsaidia.

"Usiniguse," Gernot akasema, akaendelea kutafuta.