Miwani ya Thembo wa Bwera

Wacha niseme mapema: macho yangu hayakuwa mabaya kiasi hicho. Ni Evas, binti yangu, aliyekuwa akiutangazia mtaa mzima kwamba mama yake ni kipofu. Eti nimemsalimia mke wa katekista kwa jina la kaka yake. Eti nimeshona barakoa, kamba zote mbili upande mmoja. Haya, ile ya kamba ni kweli. Lakini wakati ule wa korona Bwera nzima ilikuwa inataka barakoa, cherehani yangu haipumziki, na nani asiyekosea?

Shida yenyewe haikuwa barakoa. Shida ni kwamba nilikuwa namwona Thembo.

Thembo ni mume wangu, baba yake Evas. Alikufa kwenye wimbi la pili, mwaka ule lokdauni iliporudi. Ndivyo watu wa hospitali walivyotuambia. Walimchukua anakohoa, amevaa koti lake la kahawia, akanipungia mkono pale mlangoni utadhani anakwenda tu kuuza kahawa. Waliporudi naye alikuwa ndani ya sanduku lililozungushiwa nailoni, na waliolibeba walivaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Nikasogea kuomba wanifungulie kidogo tu, nimwone uso. Mwanajeshi aliyekuja nao akanifokea, "Mama! Rudi nyuma!" Nikasema, "Afande, huyu ni mume wangu." Akasema, "Nyuma!" Wakamfukia kando ya mibuni yetu. Mmoja wao akatamka, "Thembo," basi, wakapanda gari wakaenda.

Thembo! Sasa wewe nenda sokoni Bwera uite Thembo, uone vichwa vingapi vitageuka. Kwetu Wakonzo mtoto anazaliwa jina likiwa linamngoja. Mvulana akija wa tano, ni Thembo, huyu na yule na mwingine nyumba ya pili. Mimi mwenyewe ni Biira kwa sababu nilikuja wa pili kwa wasichana. Ketura nimepewa ubatizoni. Mume wangu alibatizwa Nobert, ila hilo jina sikumbuki nani aliwahi kulitumia. Kwa hiyo nikawa najiuliza, mguu ukikanyaga cherehani: kule wodini walikuwa na akina Thembo wangapi? Na nani alihakikisha ni yupi aliyetiwa kwenye nailoni?

Ndipo nikaanza kumwona. Mara sokoni kwenye magunia ya chumvi, mara kule Mpondwe karibu na daraja, koti lile lile la kahawia, mwendo wa polepole. Wakati huo watu wote walikuwa nusu uso, barakoa hadi puani, na kwa mbali macho yangu yaliyeyusha hata hiyo nusu iliyobaki. Nikiona koti, naona Thembo. Nikiita, umati unammeza. Evas ananivuta mkono, "Mama, makoti ya kahawia yako mengi." Nikamwambia anyamaze. Kila jioni nilimtaka apakue sahani tatu, ya baba yake aifunike. Asubuhi alimpa mbwa kile chakula.

Siku moja akasema, "Ukipata miwani, mama, haya yataisha." Alidhani ananifariji. Mimi moyo ulinipasuka, maana ndicho nilichokuwa nakiogopa: nikianza kuona vizuri, nitamkosa kabisa.

Lakini kamba za barakoa ziliendelea kwenda upande mmoja, na wateja wakaanza kwenda kwa washonaji wengine. Ikabidi nitafute mtu wa miwani. Kanisani walikuwa wameahidi kuleta madaktari wa macho, ila mikusanyiko ikakatazwa, ahadi ikafa. Nikaenda kwa Hamuza, anayeuza miwani kutoka kwenye katoni pale mpakani na Kongo. Akanivika moja, akasimama pembeni anajisifu, "Mama, hii iko muzuri kabisa! Mutu anaona mpaka Butembo!" Dunia yote ikanivimba mbele ya macho. Nikaivua nikamwambia, "Mimi nataka kuona Bwera tu, Butembo kaa nayo mwenyewe." Akacheka hadi barakoa ikamshuka kidevuni.

Alibaki Karuhanga, kijana wa Kitooro mwenye duka la miwani Kasese mjini. Thembo alipimwa kwake kabla hajaugua. Alirudi anamsifu siku nzima: hakuharakishi yule, anakuuliza na kukuuliza mpaka jicho lenyewe linasema kweli. Aliambiwa miwani itakuwa tayari baadaye, kisha barabara zikafungwa, kisha akachukuliwa. Nikamwambia Evas, kama ni lazima, nitakwenda kwa yule aliyechaguliwa na baba yako.

Mlangoni kwa Karuhanga nikanawa kwa maji yenye jiki hadi vidole vikauma, nikapigwa kipimajoto cha paji la uso. Yeye alivaa barakoa na juu yake ngao ya plastiki. Akaniketisha, akanivika fremu nzito ya chuma ya kujaribia, akawa anaingiza kioo kimoja baada ya kingine. "Ya kwanza au ya pili, mama?" Pumzi yangu ikapanda, ukungu ukajaa. "Ya kwanza au ya pili?" Nikamwambia, "Mwanangu, zote ni moshi!" Hakukasirika. Alichukua plasta akabandika ukingo wa barakoa yangu juu ya pua, akafuta vioo, akaanza upya. Polepole zile herufi za ukutani zikasimama wima. Niliziogopa.

Akaniuliza jina. Nikasema, "Ketura Biira, mke wa Thembo wa Bwera."

"Thembo wa koti la kahawia?" Sauti yake ikachangamka. "Aa, mama, si ungesema! Alikuja wiki iliyopita, nikampa miwani yake mkononi mwenyewe. Amepungua jamani, hiyo korona si mchezo. Anaendeleaje nayo?"

Nilishika mikono ya kile kiti. Ningemwambia Thembo amekufa, angesema, samahani mama, nimechanganya watu. Na mimi sikutaka awe amechanganya. Nilitaka awe sahihi kuliko mtu yeyote Uganda nzima.

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Evas nilipomwambia alitupa chini ufagio. "Mama, tulimzika!"

"Tulizika sanduku," nikasema.

Akaenda kukaa nje akinipa mgongo, na mabega yake nikaona yanatikisika. Mimi niliugeuza uso wa cherehani utazame barabara. Nikaacha komeo la mlango bila kufungwa. Nilipika bundu, ule ugali wetu wa muhogo, nikampikia na sombe, mboga ya majani ya muhogo, anavyopenda, na kila mguu uliokwaruza changarawe nje nilisema huyo. Hakuja. Siku zikapita na hakuja, hata nikaanza kumkasirikia. Mtu gani wewe, umetoka kwa wafu, unakwenda kuchukua miwani kwanza, nyumbani hufiki? Usiku nilikuwa namgombeza, asubuhi namwomba msamaha. Nilikonda. Evas alisema tutakuwa na marehemu wawili.

Siku ya kuchukua miwani yangu nilivaa gomesi niliyoolewa nayo.

Karuhanga alinikaribisha akitazama nyuma yangu. "Umekuja peke yako? Mzee amenipigia simu, anasema miwani inamtia kizunguzungu. Nilimwambia aje leo, nikadhani mtafuatana."

Nilikaa kwenye benchi, macho mlangoni. Watu waliingia, wakatoka. Kisha mlango ukajaa kahawia.

Koti lile. Si linalofanana, ni lile, nililijua kwa jinsi lilivyolegea begani kwa kubebea magunia. Alikuwa ananawa mikono polepole, amevaa barakoa, na juu yake miwani. Alikuwa mwembamba kuliko siku aliyonipungia mkono, lakini nani hakukonda? Nikainuka. Nikasema, "Baba Evas."

Akageuka.

Tulikuwa tumetenganishwa na chumba kidogo tu, na katika macho yangu mabovu alikuwa Thembo, mzima, amesimama Kasese anadondosha maji vidoleni. Nakwambia nilimwona. Karuhanga alikuwa pembeni yangu na miwani yangu mpya, amekwisha kuifungua, ananinyooshea. "Mama, vaa basi umwone mzee vizuri."

"Ngoja kwanza," nikasema.

"Vaa tu, mama."

"Nimesema ngoja!" Nilimfokea hadi akarudi nyuma. Nilitaka nimtazame kidogo tena, hivyo hivyo. Yule mtu naye hakusogea, wala hakuniita Biira, na Thembo angeniita Biira. Basi nikanyoosha mkono, nikaichukua miwani, nikaivaa.

Macho ya mgeni. Madogo, mekundu, yananitazama kwa woga juu ya barakoa ya bluu. Sijawahi kumwona mtu huyo maishani mwangu.

Lakini koti. Kwenye kiwiko cha koti palikuwa na kiraka, na hicho kiraka nilikishona mimi. Nilikishona kwa uzi wa kahawia, nilivyodhani. Sasa nikaona. Uzi ulikuwa wa kijani, kijani kibichi kama jani la mgomba, na mishono inakwenda huku na huku kama mtoto aliyejifunza jana. Mume wangu alilivaa koti lile kanisani, sokoni, mpaka huku kupimwa macho, na hakuniambia. Hata kunicheka hakunicheka.

"Hili koti umelitoa wapi?" nikauliza.

"Mama, mimi naitwa Tefiro," akasema. "Tefiro Thembo, wa kule Mpondwe. Koti alinipa mwenzangu wodini. Nilikuwa natetemeka, akasema, chukua, mimi nasikia joto."

Karuhanga akashika kichwa. "Wewe si yule niliyempima?"

"Wewe hukunipima, daktari. Nilikuja kupimwa, nikasema nimetumwa na Thembo wa Bwera. Ukasema, mzee, ya kwako iko tayari! Nikadhani kwa wepesi huo ndiyo maana yule alikusifu sana." Akaivua miwani. Macho yake yalipokuwa wazi yalianza kutoka machozi. "Ni yeye aliyenituma kwako. Alikuwa ananiambia, tukitoka hapa twende Kasese kwa Karuhanga. Alisema na mke wake atamleta, macho yamemchoka kwa kushona, lakini ni mkali, atamwambiaje?"

Nikarudi kwenye benchi. Yeye akasogea, akasimama mbali kidogo kama tulivyozoeshwa.

"Kwa nini hukuja kutuambia?" nikasema.

"Jina lake nililijua moja tu, mama. Ningemtafutaje Thembo Bwera? Na mimi mwenyewe nikipita watu wananikimbia, wanasema huyo katoka kule."

Nikamwuliza lile nililolibeba tangu siku ya sanduku. Kama ni yeye. Kama hawakumchanganya.

Tefiro aliinamisha kichwa. "Wodini tulikuwa Thembo wawili tu. Muuguzi akiita Thembo tunainua mikono wote, tunacheka, naye anakasirika. Asubuhi moja akaita, nikainua peke yangu."

"Uliuona uso?"

"Niliuona, mama. Nilikuwa kitanda cha jirani. Alikuwa amegeukia dirishani."

Nililia pale dukani mbele ya watu, kwa sauti, na miwani mpya ikajaa ukungu mpaka sioni tena kitu. Karuhanga alikuwa anasema samahani, samahani mama, hana pa kuweka mikono. Tefiro alianza kuvua koti. Nikamzuia. Nilimwambia akae nalo, baridi ya Rwenzori bado ipo na kifua chake si kizuri, ila kiraka asikiguse. Miwani ya Thembo niliichukua. Karuhanga akamketisha Tefiro kwenye kiti, akamvika ile fremu ya chuma, na nilipotoka nje nilimsikia anauliza, ya kwanza au ya pili.

Gari lilinishusha Bwera soko likiwa bado limejaa. Nilipita katikati yake nikimtazama kila mtu. Kwenye chumvi alikuwepo mwanamume wa chumvi. Hamuza aliniona usoni akapiga kelele, "Mama, hiyo si yangu!" Karibu na kichochoro cha kwetu mtu wa koti jeusi alikuwa anatembea polepole, nikaivua miwani kidogo. Akawa Thembo. Nikaivaa tena, nikaenda nyumbani.

Evas alikuwa amepakua. Sahani tatu, moja imefunikwa. Alinitazama usoni, kisha akaitazama ile miwani nyingine mkononi mwangu, akaijua, maana alikuwepo baba yake alipoeleza fremu aliyoichagua. Nikakaa. Nikavuta sahani ya baba yake, nikaifunua, nikaanza kula. Bundu ilikuwa moto bado. Evas akaziba mdomo kwa mikono yake miwili, na mimi nikamwambia ale, chakula kinapoa.